Maswali ya Wasomaji: Kofi Kafikaje Guyana?

Toleo lililopita tuliweka picha ya ngome ya Elmina kule Ghana, na chini yake mstari mmoja tu, kwamba Waakan, jamii kubwa ya watu wa huko, waliouzwa kutoka pwani ile wameacha alama mpaka leo kwenye visiwa vya Karibi. Basi huo mstari mmoja umeleta barua nyingi kuliko makala nzima ya kurasa nne tuliyoitolea jasho, sijui nicheke au ninune. Nimechagua sita, zingine zilikuwa zinauliza mambo yaleyale.

Shikamoo mwalimu. Mimi niko kidato cha nne. Nilikuwa nasoma habari za Guyana nikaona shujaa wao wa taifa anaitwa Cuffy, halafu Jamaika kuna Cudjoe na Quao. Mbona haya majina si ya Kiingereza wala ya Kihispania? Yametoka wapi?

Marahaba mwanangu. Hebu yasome kwa sauti, usiyasome kwa macho tu. Cuffy ni Kofi. Cudjoe ni Kojo. Quao ni Yaw, wengine husema Kwaw. Karani wa Kiingereza aliandika alichosikia kwa sikio lake, ndo tukaishia na hizo spelingi za ajabu.

Waakan mtoto akizaliwa tayari ana jina, la siku aliyozaliwa, hata kabla baba hajamchagulia jina lingine. Na sisi si tunao akina Juma, Khamis, Jumanne na Mwanajuma, ila kwao hakuna anayekosa. Jumapili ni Kwasi, Jumatatu Kojo, Jumanne Kwabena, Jumatano Kwaku, Alhamisi Yaw, Ijumaa Kofi, Jumamosi Kwame. Wanawake nao wana yao, Akosua, Adwoa, Abena, Akua, Yaa, Afua, Ama, na ukienda Kwafante utakuta tofauti kidogo, Akosua wao wanamwita Esi. Sasa chukua daftari la shamba la miwa la Jamaika la miaka ya 1700, lile la kuhesabia watumwa pamoja na ng'ombe, utakutana na Quasheba, Juba, Beneba, Phibba na Mimba. Usicheke. Mimba wa Jamaika ni Ama wa Ghana, msichana wa Jumamosi, Kiswahili chetu hakihusiki kabisa hapo.

Kilichonisikitisha mimi ni habari ya Kwasi. Kule Jamaika likawa Quashie, na taratibu wazungu wakaligeuza kuwa tusi, mtu mjinga, mshamba, na baadae watu weusi wenyewe wakalitumia hivyohivyo kutukanana, yaani jina alilopewa mtoto kwa heshima ya siku yake ya kuzaliwa likawa la kumdhihaki mjukuu. Kuna waliokwenda kinyume na hilo pia. Marekani kulikuwa na Paul Cuffe, kazaliwa 1759, tajiri wa meli, baba yake alikuwa Kofi aliyeletwa mtumwa akiwa mtoto na akabeba jina la bwana wake, Slocum. Watoto walipokua wakaitupa hiyo Slocum, wakachukua jina la kwanza la baba yao kuwa jina la ukoo.

Ila angalia mtihani usije ukaandika kwamba kila Kofi ni Mwakan. Waewe na majirani wengine nao wana majina ya siku.

Hivi Waakan ndo kabila gani hasa? Na kwa nini kwenye vitabu vya zamani wanaitwa Coromantee, kuna kabila hilo? (Msomaji wenu wa siku nyingi)

Hakuna kabila linaloitwa hivyo. Kuna kijiji cha wavuvi pwani ya Ghana, Kormantse, Waingereza wakajenga ngome yao hapo miaka ya 1630, Waholanzi wakaja kuichukua 1665 wakaiita Amsterdam. Mtu akipakiwa meli pale, au popote karibu na pale, akifika ng'ambo anaitwa Coromantee, kama mzigo unavyoitwa kwa jina la bandari ulikotoka. Jina la lebo hilo. Lakini baadae watu wenyewe wakalishika, wakawa kweli Wakromanti, wana viapo vyao, ngoma zao na viongozi wao, kitu ambacho kwao hakikuwepo kwa sababu kule nyumbani mmoja alikuwa Mfante, mwingine Mwakwamu, mwingine Mdenkyira, na pengine walikuwa wamepigana vita juzi tu.

Waakan wenyewe ni jamii kubwa ya watu wa lugha zinazokaribiana, wako Ghana na upande wa mashariki wa Kodivaa: Waasante, Wafante, Wabono, Waakyem, Wabaule na wengine. Ukoo wanaufuata kwa mama. Shika hilo, tutalirudia mbele.

Na kuna kitu wengi hawakijui. Wareno walipojenga Elmina mwaka 1482 walifuata dhahabu, sio watu, ndo maana pwani yote ikaitwa Pwani ya Dhahabu. Tena mwanzoni walikuwa wanaleta watumwa pale, wanawanunua upande wa ufalme wa Benin, ulioko Nigeria ya leo, wanakuja kuwabadilisha kwa dhahabu, maana wafanyabiashara wa Kiakan walihitaji wabebaji wa mizigo. Mto ukageuka baadae, mashamba ya miwa yalipopamba moto ng'ambo na bunduki zikamwagika pwani kwa wingi. Kila vita ikawa na mateka, na kila mateka ana bei. Asante waliwapiga Denkyira 1701 pale Feyiase. Akwamu walitawala mpaka Accra, kisha wakaanguka 1730 wakapigwa na Waakyem na wenzao, na waliokuwa wanauza watu jana leo wakauzwa wao. Kwa makadirio ya wanahistoria waliohesabu safari za meli, watu kama milioni 1.2 walipakiwa kutoka pwani ile, katika jumla ya milioni 12.5 hivi waliotolewa Afrika kupitia Atlantiki. Si wote Waakan. Wengi walikuwa wa kaskazini, walitembezwa kwa miguu mpaka baharini.

Kwa hiyo waliuzwa na ndugu zao wenyewe, sasa lawama za wazungu za nini? Naomba unijibu bila kuzunguka.

Sizunguki. Ndio, Waafrika waliuza Waafrika, na aliyelisema hilo waziwazi alikuwa muhanga mwenyewe. Kulikuwa na kijana wa Kifante, Quobna Ottobah Cugoano, huyo Quobna ni Kwabena, alitekwa mwaka 1770 hivi akiwa na miaka kama 13 akicheza na wenzake, akapelekwa Grenada kwenye miwa, baadae akafika London na 1787 akatoa kitabu cha kudai biashara ile ifutwe kabisa. Humo anakiri, kwa aibu ya watu wa kwao, kwamba waliomkamata na kumsaliti kwanza ni watu wa rangi yake. Anaeleza pia alichoona aliyemleta akikipokea kama malipo: bunduki moja, kipande cha kitambaa na risasi kidogo.

Lakini huyohuyo Cugoano hakuishia hapo, maana aliendelea kusema pasingekuwa na wanunuzi pasingekuwa na wauzaji, na nani alikuwa na meli, nani alikuwa na mashamba, nani alitunga sheria kwamba mtoto wa mtumwa azaliwe mtumwa na mjukuu pia? Utumwa ulikuwepo kwa Waakan, ndio, na ulikuwa na ukatili wake, ila mtumwa aliweza kuolewa ndani ya ukoo na kizazi cha pili au cha tatu kikamezwa humohumo. Kuna msemo wao, obi nkyerɛ obi ase, yaani mtu hamwambii mwenzake asili yake. Ilikuwa marufuku kumnyooshea mtu kidole kwamba bibi yako alinunuliwa. Mimi naona msemo huo umeponya watu wengi na umefukia mengi pia, maana familia zilizouza na familia zilizonunuliwa zinakula sahani moja na hakuna anayefungua mdomo.

Na hilo neno ndugu, ndugu yangu, ni la leo. Mwasante wa 1701 alimwona Mdenkyira kama Mwingereza alivyomwona Mfaransa.

Mzee mmoja hapa mtaani anasema watumwa walikubali tu, wangekataa wangeshinda kwa sababu walikuwa wengi. Mnasemaje?

Mwambie mzee, kwa heshima zote, hapana. Walikataa kiasi kwamba mwaka 1765 kukapelekwa muswada kwenye baraza la Jamaika wa kuongeza ushuru kwa kila Coromantee anayeingizwa, ili wanunuzi wawaogope. Ukakwama, wenye mashamba waliwataka hivyohivyo, walisema ni wachapakazi.

Barbados 1675 waligunduliwa wakiwa wamepanga kumtawaza mzee mmoja, Kofi, kuwa mfalme, tena walishamchongea kiti cha enzi kwa staili ya kwao. Mwaka 1733, tarehe 23 Novemba, kisiwa cha St. John cha Wadenmark, Waakwamu waliingia ngomeni wamebeba kuni kama siku zote, ndani ya kuni mapanga ya kukatia miwa. Waliua askari waliowakuta, askari mmoja tu akaponea uvunguni mwa kitanda, mizinga ikapigwa kuwapa ishara wenzao na kisiwa kikawa chao kwa miezi, mpaka askari wa Kifaransa walipoletwa kutoka Martinique mwaka uliofuata. Hawa wengi wao walikuwa wa ile dola ya Akwamu iliyoanguka 1730, wengine watu wakubwa kabisa kwao. Na hapa nisifiche: inaonekana hawakupanga uhuru wa kila mtu, walipanga kuyaendesha mashamba wenyewe na Waafrika wa makabila mengine waendelee kulima. Watu wa dola walibaki watu wa dola.

Antigua 1736 ndo inanipa raha nikiisoma, japo mwisho wake ni mchungu. Kiongozi aliitwa Court, siku hizi wanamwita Prince Klaas. Kabla ya siku ya kazi aliitisha ngoma ya ngao ya Kiakan, ikem, mchana kweupe mbele ya mabwana, na kwa Waakan ngoma ile ni tangazo la vita, atakayecheza ameapa. Wazungu wamesimama pembeni wanaangalia burudani! Mpango ulikuwa kuilipua nyumba ya dansi ya gavana usiku wakubwa wote wamo ndani, lakini dansi ikaahirishwa kwa sababu ya msiba wa mtoto wa gavana, siri ikavuja. Waliuawa 88, wengi kwa kuchomwa moto wakiwa hai. Leo Klaas ni shujaa wa taifa.

Jamaika sasa. Kule kulikuwa na Wamaruni, watu waliotoroka mashambani wakaishi milimani, upande wa magharibi wakiongozwa na Cudjoe na mashariki na Quao na yule mama Nanny, ambaye sura yake iko kwenye noti ya dola 500 ya Jamaika. Walipigana na Waingereza miaka na miaka, wanaitana kwa pembe ya ng'ombe, abeng, neno la Kitwi hilo, lugha ya Kiakan, mpaka Waingereza wakachoka wakaomba mkataba, wa Cudjoe ulitiwa saini tarehe 1 Machi 1739. Walipata ardhi na uhuru wao. Lakini mkataba ulikuwa na mwiba, wakubali kuwarudisha watoro wapya na kusaidia kuzima maasi. Basi 1760, Jumatatu ya Pasaka, mtumwa mmoja, Takyi, wao wanaandika Tacky, akaanzisha vita pale St. Mary, na aliyempiga risasi akafa ni Mmaruni aitwaye Davy. Vita vikaendelea sehemu nyingine za kisiwa kwa miezi mingi, watu weusi mia tano au zaidi wakapoteza maisha. Ukienda Accompong, kijiji cha Wamaruni, tarehe 6 Januari watu wanasherehekea mkataba wa Cudjoe kwa ngoma na pembe, na kuna Wajamaika wengine mkataba huohuo unawakereketa mpaka leo. Mimi sioni ajabu wote wawili wakiwa na haki.

Na Berbice, ambayo leo ni sehemu ya Guyana, ndo huyu Cuffy wa mwanafunzi wetu hapo juu. Alikuwa fundi mapipa. Tarehe 23 Februari 1763 wakaanza, koloni lilikuwa na wazungu mia tatu na kitu na watumwa karibu 4,000, na karibu lote likawa mikononi mwao. Cuffy akamwandikia gavana Mholanzi barua, anapendekeza wagawane koloni, wazungu wabaki pwani na watu weusi wachukue juu mtoni. Gavana akawa anajibu polepole, anavuta muda meli za msaada zifike. Wenyewe kwa wenyewe wakagombana, mwenzake Atta akampinga, Cuffy akajiua. Mzee wa mtaani anauliza kwa nini hawakushinda wakati walikuwa wengi, jibu moja liko hapo kwenye muda, baruti iliisha na meli zikafika. Guyana walipotangaza jamhuri 1970 walichagua tarehe hiyohiyo, 23 Februari.

Nimesikia Jamaika kuna hadithi za buibui Anansi. Ni zilezile za Ghana? Na nini kingine kimebaki zaidi ya hadithi? (Mama wa watoto watatu)

Ni zilezile dada yangu, na watoto watazipenda, maana Ananse ni Sungura wetu mwenye miguu minane, mdogo, mlafi, muongo, anawazidi akili wakubwa wote na mara nyingine anajitia kitanzi mwenyewe. Ghana ni Kwaku Ananse, wa Jumatano. Jamaika ni Anansi, na msimulizi akimaliza anasema Jack Mandora, me no choose none, yaani msinilaumu mimi, hadithi nimeikuta hivyo. Curaçao ni Nanzi. Suriname wanazisimulia usiku wa matanga.

Kilichobaki zaidi ya hadithi? Chakula cha unga kinachofungwa kwenye jani, Ghana dɔkono, Jamaika duckunu, japo kule kimekuwa kitamu na cha sukari. Bundi anaitwa patu. Umbea na unafiki, konkonsa, hilo hata baharini halikupotea. Wamaruni wa Moore Town wana lugha ya kuzungumza na mizimu wanaiita Kromanti, na urithi wao UNESCO waliutambua 2003.

Ila ningekuwa na nauli ya kwenda sehemu moja tu ningekwenda Suriname, msituni. Wamaruni wa huko, Wandyuka, walipata mkataba wao na Waholanzi tarehe 10 Oktoba 1760 na Wasaramaka 1762, karne nzima kabla utumwa haujafutwa kule mwaka 1863, kwa hiyo walikaa kwao, na sheria zao. Ukoo wanaufuata kwa mama, kundi la ukoo linaitwa bee, maana yake tumbo. Kwa Waakan pia watu wa upande wa mama wanasemwa ni wa tumbo moja. Mungu wao Wandyuka wana jina la zamani, Keduampon, na Waakan wanasema Twereduampon, egemeo usiloanguka nalo. Si kwamba ni Waakan waliohamia msituni, hapana, wamo pia wenye asili ya Kongo na Dahomey, vyote vimechanganyika kama mchuzi, lakini chumvi nyingine unaitambua.

Shemeji yangu Mmarekani mweusi kapima DNA kaambiwa Ghana na Kodivaa asilimia 30. Sasa anajiita Mwasante, kajichora tatuu ya Sankofa, na kwenye sikukuu yao ya Kwanzaa anatusalimia kwa Kiswahili. Nimwambie ukweli au nimwache?

Mwache na tatuu yake jamani, inakuuma nini. Ila kwa maswali yako: ile asilimia inalinganisha damu yake na ya watu wanaoishi eneo lile leo, haijui Mwasante wala Mfante, na eneo lenyewe lina makabila mengi. Akipima mstari wa mama peke yake atapata kitu ambacho Waakan wangekiona cha maana, kwa sababu ukoo, abusua, ni wa mama, lakini alama hizo za mama zimeenea Afrika Magharibi yote na ni bibi mmoja tu kati ya mamia ya mababu zake.

Sankofa ni alama ya Kiakan kweli, ya kurudi kuchukua ulichosahau. Mwaka 1991 New York walikuwa wanachimba msingi wa jengo la serikali wakakuta makaburi ya Waafrika wa enzi ya ukoloni, na jeneza moja lilikuwa na misumari imepangwa mfano wa kopa, watu wakasema hiyo ni Sankofa, maana nayo huchorwa kama kopa, ikawa alama ya mahali pale. Baadae mwanahistoria mmoja akapinga, akasema majeneza ya Waingereza ya wakati ule nayo yalipambwa kwa kopa. Mimi jeneza naliachia wataalamu, kwamba Waakan walikuwepo New York halina ubishi, walikuwemo kwenye maasi ya 1712.

Kiswahili cha Kwanzaa ni uamuzi wa 1966, mwanzilishi wake Maulana Karenga alichagua lugha ya Kiafrika isiyo ya kabila moja, ingawa mababu wa Wamarekani weusi wengi walitoka magharibi na kati, sio kwetu. Muitikie salamu.

Na akitaka kwenda, Ghana ina sheria tangu mwaka 2000 ya kuwapa watu wa asili ya Kiafrika haki ya kuishi, na 2019, ule mwaka waliouita wa Kurudi, watu 126 walipewa uraia kwa mpigo. Asiishie Elmina na Cape Coast kupiga picha mlangoni. Aende bara kidogo, Assin Manso, kwenye mto ambao mateka waliogeshwa mara ya mwisho kabla ya kupelekwa pwani kuuzwa. Pana makaburi mawili pale. Mwaka 1998 mabaki ya watu wawili waliokuwa watumwa, mwanamke Crystal kutoka Jamaika na Samuel Carson kutoka Marekani, yalirudishwa Ghana, yakapitishwa ngome ya Cape Coast kwa mlango uleule wa kutokea, safari hii kwa kuingia, wakazikwa karibu na mto huo.